Wenzako Wanavaa Saizi Gani

Bweni la Wauguzi
Jumapili, 7 Januari

Chiriku wangu,

Nimefika salama na mimi ni mzima, hofu ni kwenu mliobaki na kelele za cherehani. Msomee mama barua hii polepole, usirukeruke mistari kama ulivyozoea kwenye vitabu vya chuo. Mama hasomi lakini urefu wa barua anaujua, ukimpunja ataona.

Hospitali ni kubwa, ghorofa nne, na sakafu inang'aa mpaka unaweza kuyahesabu meno yako. Nimepangiwa wodi ya watoto. Siku ya kwanza mtoto mmoja alinitapikia kabla hata sijajitambulisha, nikajua hapa nimefika nyumbani. Matroni ni mama mnene mwenye sauti ya chini. Ukisikia anaongea polepole zaidi, ujue kuna mtu ameharibu. Chumbani tunalala watatu. Dirisha letu linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi nzuri.

Mwambie mama gauni lake wamelipenda sana. Nililivaa siku ile ya kwanza na kila mtu aliniuliza nimeshonewa wapi. Matroni mwenyewe alishika pindo akautazama mshono. Na ule mfuko wa ndani wa kuwekea kalamu ndio ulionipatia sifa zaidi.

Vyeti vyangu halisi vimewekwa ofisini kwenye kabati la chuma, maana bwenini huku watu wanaibiana hata sabuni. Simu yangu nayo imetumbukia kwenye ndoo ya maji, imekufa kabisa, kwa hiyo itabidi tuandikiane kama wapenzi wa zamani.

Kucha umekata? Najua hujakata.

Dada yako,
Bibi Afya


Nyumbani
Jumatano, 17 Januari

Kwa Bibi Afya, mkaguzi mkuu wa kucha za watu,

Shikamoo dada. Barua yako nimeshaisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa mama, ya pili kwa mama na jirani muuza mkaa, ya tatu kwa mama, muuza mkaa na mke wa kinyozi aliyekuja kuchukua sketi yake. Kila nikifika pale kwa Matroni na pindo, mama ananikatiza: "Rudia hapo." Narudia. Sasa nimekikariri kipande kile, nakisoma hata nikiwa nimefumba macho.

Sasa sikia balaa lenyewe. Mama anauliza wenzako wanavaa saizi gani. Anataka kuishonea hospitali nzima. Tangu asubuhi ametundika futi shingoni kama daktari na kile kifaa chake cha kusikilizia moyo. Nimemwambia avute subira, akasema mteja hasubiriwi, mteja akisubiriwa anahamia kwa fundi mwingine. Nijibu chochote, nimechoka kuulizwa.

Mitihani nimemaliza, nangoja matokeo. Nikifaulu nitakuwa nesi kama wewe, nikifeli nitauza mkaa. Halafu kuna jambo mama hataki niandike, kwa hiyo naliandika haraka kabla hajaniuliza kalamu inaandika nini. Nauli yako alikopa kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameanza kupita hapa kutusalimia. Anasalimia sana, dada. Mshahara ukitoka utukumbuke.

Simu kwenye ndoo? Wewe uliyekuwa unatufokea tukipita na redio karibu na maji? Haya.

Mdogo wako,
Chiriku

Kucha nimekata. Za mkono mmoja.


Wodi ya Watoto
Ijumaa, 2 Februari

Kwa Afisa Utumishi,

YAH: KUOMBA UFAFANUZI WA MAKATO

Husika na somo hapo juu.

Jana nimepokea mshahara wangu wa kwanza. Nauita mshahara kwa sababu ndilo neno lililoandikwa juu ya bahasha. Kilichokuwamo ndani kimetosha sabuni na dawa ya meno.

Nilikuja na majibu ya kipimo cha kifua na cha damu, yakiwa na muhuri wa hospitali ya serikali. Nilirudishwa kupimwa upya kwenye maabara yenu na nikatakiwa kulipa taslimu kabla ya kukanyaga wodini, ikabidi niuze simu yangu. Nilikuja na gauni jeupe lililoshonwa na fundi hodari. Nimeambiwa halifai kwa kuwa halina ukanda wa kijani begani, nikapewa mawili ya duka lenu, na viatu vinavyonibana, vyote kwa kukatwa. Beji nayo nimekatwa.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni ada ya mafunzo ya utangulizi. Wiki zile mbili hatukulipwa kwa maelezo kwamba tulikuwa wanafunzi. Mwalimu wa mafunzo alikuwa likizo. Siku ya pili Matroni alinielekeza mimi niwafundishe wenzangu wawili kumwekea dripu mtoto mchanga, kwa kuwa nilikuwa najua. Nikawafundisha hiyo na mengine yote mpaka siku ya mwisho. Ada imekatwa kwetu sote watatu. Nauliza kwa heshima zote: mimi nimemlipa nani?

Natanguliza shukrani.

Muuguzi mpya


Ofisi ya Utumishi
Ijumaa, 9 Februari

Kwa Muuguzi, Wodi ya Watoto,

YAH: UFAFANUZI WA MAKATO

Barua yako imepokelewa.

Unafahamishwa kuwa gharama za kuanza kazi ni za mtumishi, kama ilivyo kwenye mkataba uliousaini kwa hiari yako. Zitaendelea kukatwa kila mwezi hadi zitakapokwisha. Ada ya mafunzo hutozwa kwa kila aliyehudhuria. Kumbukumbu zinaonesha ulihudhuria.

Unakumbushwa pia kuwa mtumishi anayeacha kazi kabla ya miaka miwili hurudisha gharama hizo mara mbili, na vyeti vyake hubaki chini ya uangalizi wa ofisi hadi atakapomaliza kulipa.

Tunakutakia kazi njema.

Afisa Utumishi


Bweni la Wauguzi
Jumapili, 11 Februari

Chiriku,

Marahaba. Za mkono mmoja! Huo mkono mwingine unauweka wa nini?

Mwambie mama wenzangu wana saizi za kila namna, na siwezi kuwazungukia na futi wodini wagonjwa wakanitazama. Avute subira kidogo. Gauni langu nalitunza vizuri, silivai hovyo.

Mshahara wa kwanza umechelewa, ni mambo ya mahesabu ya mwaka mpya, ofisi kubwa zina taratibu zake. Mwenye nyumba akija kusalimia, mwitikieni tu.

Kuna mtoto hapa kitanda cha dirishani, ana miaka minne, ameungua mguu. Kila nikimfunga bandeji ananiuliza, "Nesi, na wewe utaruhusiwa lini kwenda nyumbani?" Nacheka mpaka nashindwa kufunga fundo.

Dada yako,
Bibi Afya


Nyumbani
Jumatatu, 18 Machi

Dada!

Kaa chini kwanza. Umekaa?

La kwanza, nimefaulu. Muuza mkaa amesikitika, alikuwa ameshanitafutia gunia.

La pili ndilo kubwa. Yale maombi uliyopeleka hospitali ya serikali ya hapa kwetu mwaka juzi, ukasema wameyatupa, hawakuyatupa. Wamekuita! Barua imeletwa mpaka mlangoni na tarishi mwenye baiskeli, mama akadhani ni askari. Nafasi ni yako, wodi ya watoto vilevile. Unatakiwa ufike mwenyewe na vyeti vyako halisi kabla ya mwisho wa Mei, nakala hawazitaki. Hospitali yenyewe unaijua, ukipiga chafya pale mama anakuitikia akiwa kwenye cherehani.

Njoo dada. Mama haongei tena habari za saizi, anaongea habari ya kitanda chako kihamie upande gani. Na mwenye nyumba hasalimii tena, siku hizi akipita anahesabu madirisha kama anayemtafutia nyumba mpangaji mwingine.

Mimi nesi mpya,
Chiriku


Wodi ya Watoto
Jumatatu, 25 Machi

Kwa Afisa Utumishi,

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA VYETI VYANGU

Nimepata kazi katika hospitali ya serikali karibu na nyumbani, ambako mama yangu anaishi bila msaada mwingine. Natakiwa kuwasilisha vyeti halisi kabla ya mwisho wa Mei.

Naomba nirudishiwe vyeti vyangu, na deni lililobaki nitalilipa kila mwezi kutoka kwenye mshahara wangu mpya. Niko tayari kuandika ahadi hiyo mbele ya shahidi yeyote mtakayemtaka. Vyeti hivyo nilivitafuta kwa miaka minne, na ndivyo pekee nilivyo navyo.

Muuguzi, Wodi ya Watoto


Ofisi ya Utumishi
Alhamisi, 4 Aprili

Kwa Muuguzi, Wodi ya Watoto,

YAH: VYETI

Ombi lako halijakubaliwa. Ukiacha kazi sasa utatakiwa kulipa gharama zote mara mbili, kwa mkupuo.

Hata hivyo unajulishwa kuhusu mpango wetu wa Mwalike Mwenzako. Mtumishi anayetuletea muuguzi mpya, na muuguzi huyo akasaini mkataba, husamehewa deni lote na hurudishiwa vyeti siku hiyohiyo. Katika fomu yako ya familia tumeona kuwa una mdogo wa kike anayesomea uuguzi.

Afisa Utumishi


Wodi ya Watoto
Alhamisi, 4 Aprili

Kwa Afisa Utumishi,

Jibu ni hapana. Mdogo wangu mwacheni alipo.

Muuguzi, Wodi ya Watoto


Bweni la Wauguzi
Jumapili, 7 Aprili

Chiriku wangu,

Hongera sana, nesi mwenzangu. Nilipofika pale kwenye "nimefaulu" nilipiga kelele, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Kuhusu ile kazi ya nyumbani nimefikiri sana, nimeamua kubaki huku. Nimeshazoea. Hapa wananithamini, Matroni hawezi kumaliza zamu bila kuniita, na kuna mambo mazuri mbele. Kazi ya serikali mshahara wake mnaujua. Mwambie mama asikasirike, mtoto akipata penye heri haulizwi kwa nini harudi.

Wewe tafuta kazi hukohuko. Usiende mbali, mama asibaki peke yake. Nimesema huko huko, umenisikia? Hiki ni kitu cha mkubwa kumwambia mdogo, siyo mzaha wetu.

Bibi Afya


Tawi la Pili
Jumatatu, 6 Mei

Dada mpenda kulamba asali peke yake,

Shikamoo. Usianguke. Nakuandikia nikiwa ndani ya hospitali yenu! Siyo hiyo yako kubwa, hili ni tawi la pili, mwendo wa nusu siku kutoka kwako.

Ulidhani mimi mjinga? Mtu anaitwa kazini hatua chache kutoka kwa mama yake, anakataa! Nikamwambia mama, huko aliko dada lazima mito ni ya hariri. Halafu unaniambia "usiende mbali", kana kwamba nikija nitakumalizia asali. Wiki ya mwisho ya Aprili, nilipokwenda kuchukua vyeti vyangu, akaja chuoni bwana mmoja mwenye tai, akaniulizia mimi hasa. Akasema dada yako ni mfano kwetu. Nilivimba kichwa, mlango haukunitosha. Nikasaini palepale. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika aliyekuelekeza, nikakuandika wewe, upate sifa. Nilitaka iwe siri mpaka nifike, mama mwenyewe aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nimemwacha na binti wa muuza mkaa.

Vyeti wamevichukua na kuviweka kwenye kabati la chuma kama vyako. Kuna vitu vidogo vidogo tu vinanishangaza. Nimepimwa kifua upya, eti majibu yangu ya wiki iliyopita yamezeeka. Na gauni la mama, alilonishonea sawasawa na lako, huku wamelikataa hata bila kulikunjua. Nadhani watu wa tawini hawana macho.

Au, dada? Huko kwako si walilipenda?

Chiriku


Ofisi ya Utumishi
Jumatano, 8 Mei

Kwa Muuguzi, Wodi ya Watoto,

YAH: PONGEZI

Tunakupongeza kwa kushiriki katika mpango wa Mwalike Mwenzako. Mdogo wako amesaini mkataba na amekutaja. Deni lako limefutwa. Fika ofisini uchukue vyeti vyako.

Afisa Utumishi


Wodi ya Watoto
Alhamisi, 9 Mei

Kwa Afisa Utumishi,

YAH: KUOMBA VYETI VYANGU VIBAKI KABATINI

Sikumwalika mtu yeyote. Niliandika hapana, na barua ile mnayo.

Naomba vyeti vyangu vibaki kwenye kabati lenu na deni langu lirudi kama lilivyokuwa. Badala yake mpeni mdogo wangu vyeti vyake aende nyumbani. Mkitaka niongeze miaka, nitaongeza. Nitavaa gauni lenu, nitavaa viatu vyenu, nitawafundisha wageni wenu na kulipia. Ana wiki moja tu kazini, hajawagharimu hata bandeji.

Nawaomba. Mkataba wangu niliusaini bila kusoma mpaka mwisho, hilo ni kosa langu. Wake aliusaini kwa kunisoma mimi.

Muuguzi, Wodi ya Watoto


Ofisi ya Utumishi
Jumatatu, 13 Mei

Kwa Muuguzi, Wodi ya Watoto,

Utaratibu wa aina hiyo haupo. Chukua vyeti vyako kabla ya Ijumaa, nafasi kabatini ni ndogo na watumishi wapya wanaendelea kuja.

Afisa Utumishi


Bweni la Wauguzi
Jumanne, 14 Mei

Mdogo wangu,

Hawakulipenda. Hakuna aliyelishika pindo. Siku ya kwanza getini mlinzi aliniambia hilo nivae nyumbani, na tangu siku hiyo nalilalia. Ndilo vazi langu la kulalia, ndiyo maana halijachakaa. Simu haikuingia kwenye ndoo, niliiuza ili wanipime kifua ambacho kilikuwa kimeshapimwa. Mshahara haukuchelewa. Ulifika kwa wakati wake, umekatwa mpaka umebaki mfupa.

Niliogopa, Chiriku. Mama alikopa ili nije huku, alikesha akishona gauni lile, sasa ningeandika nini? Kwamba limekataliwa mlangoni? Nikasema nitadanganya mwezi mmoja tu, mambo yakae sawa, halafu nitasema ukweli huku tukicheka. Walinitaka nikulete wewe ili wanifungue, nikakataa, nikajiona shujaa, kisha nikaketi kukuandikia ile barua ya kusifu huku kwetu. Kumbe mwenye tai hakuwa na haja ya kusema maneno mengi, mimi nilishamsemea yote.

Nimejaribu kubadilishana nao, mimi nibaki wewe utoke. Wamekataa. Vyeti vyangu viko mezani mbele yangu hapa na siwezi kuvitazama. Sivitaki. Nitakaa huku nawe mpaka miaka yako iishe.

Nitukane utakavyo, nastahili. Ila unijibu.

Dada yako


Tawi la Pili
Jumapili, 19 Mei

Dada,

Leo sikuamkii, utanisamehe siku nyingine.

Nilisoma barua yako chumba cha dawa, nikapasua kipimajoto kwa hasira. Nimekatwa.

Nimekukasirikia siku nne nzima. Siyo kwa sababu ya mkataba, mkono uliosaini ni wangu. Nimekukasirikia kwa sababu mimi ndiye niliyemsomea mama ule uongo, mara kumi, kwa sauti, na kwa madoido. Ulinifanya tarumbeta. Hata kama ungeniwekea kikaratasi kidogo tu cha pembeni, Chiriku usimsomee mama hiki, ningejua. Ningekuja kukuona langoni nikarudi zangu.

Sasa nisikilize, leo mimi ndiye mkubwa. Chukua hivyo vyeti uende nyumbani. Mei inaisha. Ukibaki huku kunisindikiza tutakuwa wawili kwenye shimo, na aliye shimoni hamvuti mwenzake. Ukiwa nje utafanya kazi, utamlipa mwenye nyumba aache kuhesabu madirisha, na kitakachobaki utaniwekea, taratibu, mpaka nitoke. Usiponisikia sitakuandikia tena, na unajua kunyamaza kwangu kunavyoniuma mimi kuliko mtu mwingine.

Jambo la mwisho. Mama usimwambie. Ameshazunguka mtaa mzima na sifa zetu, watoto wake wawili manesi wa hospitali ya ghorofa. Akijua gauni langu nalo limerudishwa mlangoni, cherehani ataiuza. Mwambie umerudi kwa sababu umemkumbuka. Hilo si uongo.

Chiriku


Tawi la Pili
Jumatatu, 10 Juni

Dada Bibi Afya,

Shikamoo. Nimefurahi umepokelewa kazini na kitanda chako kimehamia upande wa dirisha. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Msomee mama polepole, usirukeruke mistari.

Mama, tawi letu ni dogo lakini safi. Nimepangiwa wodi ya wazazi, na juzi nimepokea mapacha, wa pili alitoka akiwa ameudhika kama mwenye nyumba wetu. Matroni wa huku ni mrefu na hacheki, lakini gauni lako, mama, amelipenda. Alishika pindo, akautazama mshono, akauliza huyo fundi yuko wapi. Mfuko wa kalamu wanauonea wivu wote.

Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo. Nadhani ni ugonjwa wa ukoo. Mshahara umechelewa kidogo, ofisi kubwa zina taratibu zake.

Dada, kucha nimekata zote. Huku hakuna cha kufanya jioni.

Mwanao na mdogo wako,
Chiriku


Nyumbani
Jumanne, 18 Juni

Chiriku wangu,

Nimemsomea.

Nilimketisha kwenye kigoda karibu na cherehani, muuza mkaa akaja, mke wa kinyozi naye akaja, safari hii hana sketi ya kuchukua. Nilisoma polepole kama ulivyoagiza. Nilipofika kwa Matroni aliyeshika pindo, mama akainua mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Sasa ndiyo najua nilikuwa nakubebesha nini, mdogo wangu. Mara ya tatu sauti ilinikatika, mama akacheka, akamwambia muuza mkaa, "Mwone, anamwonea wivu mwenzake."

Wageni walipoondoka nilitaka kumwambia. Naapa nilifungua mdomo. Nilisema, "Mama, kuhusu yale magauni." Akageuka haraka, uso wote unang'aa kama siku nilipofaulu mimi, akavuta futi shingoni. "Ndiyo hayo ninayotaka kukuuliza mimi," akasema. "Wewe kule ulikuwa na haya, ukashindwa kuwapima. Huyu mdogo hana haya. Mwandikie. Wenzake wanavaa saizi gani?"

Posho ya kuanza kazi niliyopewa huku, sehemu kubwa nimempa mwenye nyumba. Kilichobaki nilikuwa nimekifunga kwenye leso, ni chako, mwanzo wa kukutoa. Nilimpa mama aniwekee siku hiyo asubuhi, kabla ya kumsomea barua. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akadhani nimemletea mtaji. Asubuhi ile ile alikuwa ameshafika dukani na kurudi, na jora zima la kitambaa cheupe liko juu ya meza.

Nimekosa, Chiriku. Ningesema neno moja tu. Nilisimama pale mlangoni, yeye ameshika mkasi, ananitazama anangoja jibu, na furaha aliyokuwa nayo sijaiona tangu baba afariki. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Wengi wao ni saizi ya kati, mama."

Kitambaa ameshakikata.

Dada yako,
Bibi Afya